Fiziolojia kwa Sikio: Mwanafunzi wa Utabibu wa Isiolo na Lugha ya Somo Lake

Mji wa Isiolo umekaa mahali ambapo nchi ya Kenya hubadilika sura. Msafiri atokaye Nairobi huenda mwendo wa kilomita zipatazo 285, akapanda hadi kwenye nyanda za baridi zilizo kando ya Mlima Kenya, kisha akateremka kwa ghafla na kulakiwa na joto, miiba na ngamia. Humo mjini hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na lugha inayowawezesha kuuziana mbuzi, kuteta na kupatana ni Kiswahili. Katika mji huohuo, Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), ambacho mizizi yake ilianzia Nairobi mwaka 1927, kina kampasi yake. Mafunzo hutolewa kwa Kiingereza. Wagonjwa, kwa upande wao, huja na lugha zao, na Kiswahili ndicho daraja.

Hebu ichukuliwe hali ya mwanafunzi mmoja wa utabibu mjini humo, ambaye hana haja ya kupewa jina kwa kuwa ni mfano tu. Mchana yumo darasani au wodini. Kitabu cha fiziolojia ni kizito, bei yake ni kubwa na maandishi yake ni madogo; nakala iliyoko maktabani inangojewa na wengi. Lakini simu yake imejaa mihadhara iliyorekodiwa. Huisikiliza akifua nguo, akirejea kutoka sokoni, akiwa ndani ya matatu iendayo Meru, na hata usiku umeme unapokatika. Kwa hakika, hapo macho yamekwisha kustaafu siku nzima kabla, na sikio ndilo lililobaki zamu.

Je, fiziolojia inaweza kusomwa kwa sikio? Na ikiwa inaweza, lugha ya somo hilo yapasa kuwaje? Swali la kwanza ni la wanatiba na lina jibu la kuridhisha. Swali la pili ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bado halijashughulikiwa ipasavyo, ingawa vifaa vya kulijibu vimo ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe.

Kwanza ni vyema kutenganisha taaluma mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Anatomia huchunguza maumbo: figo liko wapi, lina ukubwa gani, limeshikamana na nini. Fiziolojia huchunguza matendo: figo hufanya nini, lini, na kwa sababu gani. Anatomia ni ramani. Fiziolojia ni kisa. Ramani ikisimuliwa kwa mdomo humchosha msikilizaji mapema, maana hana pa kuweka kidole. Kisa, kinyume chake, kina mwanzo na mwendelezo: jambo hili likitokea, lile hufuata, na lile likizidi, hili hupungua. Hiyo ndiyo sababu mwanafunzi anayeshindwa kabisa kujifunza mifupa ya kifundo cha mkono kwa kusikiliza anaweza kuielewa safari ya damu moyoni akiwa amefumba macho.

Sikio katika historia ya utabibu

Msomaji asidhani kwamba kujifunza mwili kwa kusikiliza ni uzushi wa enzi ya simu. Mwaka 1761, daktari wa Vienna aitwaye Leopold Auenbrugger alichapisha kijitabu kilichoeleza jinsi ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza mlio wake. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba mtoto huyo alijua kuyagonga mapipa ili kutambua kiasi cha mvinyo uliobaki. Pafu lenye hewa hulia kama pipa tupu. Lililojaa majimaji hulia kama pipa lililojaa. Mwaka 1816, Mfaransa René Laennec, akiona haya kuweka sikio lake kwenye kifua cha mwanamke kijana, alikunja karatasi ikawa mrija, akasikia moyo kwa uwazi asioutarajia. Kifaa ambacho leo huning'inia shingoni mwa kila tabibu kilianzia hapo. Mwaka 1905, Mrusi Nikolai Korotkoff alieleza sauti zinazosikika chini ya mkanda wa kupimia shinikizo la damu: mkanda ukilegezwa kidogokidogo, mlio wa kwanza kusikika ndio kiwango cha juu, na mahali mlio unapokwisha ndipo kiwango cha chini.

Hata William Harvey, Mwingereza aliyethibitisha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, alitaja kuwa mapigo ya moyo yanaweza kusikika kifuani. Mpinzani wake mmoja wa Venice, Emilio Parisano, alimdhihaki kwa kusema kwamba madaktari wa Venice hawakusikia kitu. Huenda sauti hiyo ilikuwa ikisikika London tu. Dhihaka hiyo ina funzo ambalo huenda Parisano mwenyewe hakulikusudia. Sauti ilikuwapo Venice pia. Lililokosekana ni sikio lililofundishwa na maneno ya kulielekeza.

Sikio hufundishwaje? Kwa kurudia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Michael Barrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani waliwasikilizisha wanafunzi wa utabibu sauti za kasoro za moyo, kila sauti ikirudiwa mara 500, na uwezo wao wa kuzitambua ukapanda sana ukilinganishwa na mafunzo ya kawaida. Mtoto wa Isiolo aliyepitia duksi au madrasa na kuhifadhi sura kwa kuzisikia na kuzirudia hatashangazwa na matokeo hayo.

Sauti za moyo zenyewe ni fiziolojia inayojisimulia. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo husukuma mililita 70 hivi za damu, yaani takribani lita tano kwa dakika. Katika kila pigo husikika milio miwili. Wa kwanza ni mzito na mrefu kidogo: ni vilango vilivyo kati ya vyumba vya juu na vya chini vinapojifunga ili damu isirudi ilikotoka. Wa pili ni mkavu na mfupi: ni vilango vya kutokea kwenye mishipa mikubwa vinapojifunga baada ya damu kupita. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili, moyo unasukuma. Baada ya wa pili, kimya ni kirefu zaidi: moyo unajaa. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hahitaji mchoro ili ajue kwamba mvumo usikikao ndani ya kile kimya kifupi ni wa damu inayopita pasipostahili, au inayopenya kwa shida, wakati wa kusukuma.

Afrika Mashariki nayo ina tajiriba yake ya kuufundisha mwili kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa muda wa majuma 12, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma au kusomewa kijitabu, kisha wakajadiliana kuhusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Baada ya majadiliano waliamua la kufanya, na vyoo vilivyochimbwa nchini kote vilikuwa ushahidi kwamba somo liliingia. Kinachostahili kuangaliwa hapa ni ule utaratibu wa kunyamazisha redio na kuzungumza. Sauti haikuachwa ipite tu. Nchini Kenya, shirika la Amref, lililoanzishwa mwaka 1957 likijulikana kwa madaktari wake warukao kwa ndege, lilikuja kutumia simu za kawaida katika miaka ya 2010 kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kwa ujumbe mfupi na sauti zilizorekodiwa, chini ya mpango ulioitwa LEAP. Mhudumu hakulazimika kuiacha boma na mifugo yake kwenda kuketi darasani mbali.

Hata hivyo, Mtu ni Afya na mipango ya namna hiyo iliwalenga wananchi na wahudumu wa ngazi ya kijiji. Mwanafunzi wa utabibu, ambaye anatakiwa kujua kwa undani zaidi, hajaandaliwa somo la kusikiliza kwa Kiswahili linalomtosha. Akilitaka, itambidi alitunge. Na hapo ndipo mambo ya lugha yanapoanza kumpiga chenga.

Upatanisho kama fimbo ya msikilizaji

Msomaji wa kitabu akipotea, macho yake hurudi nyuma mstari mmoja. Msikilizaji akipotea, sentensi imekwisha kwenda. Anaweza kurudisha nyuma, ni kweli, lakini mikono yake imo kwenye povu la sabuni. Kwa hiyo lugha ya sauti inapaswa kumshika msikilizaji mkono kila hatua na kumkumbusha anayetenda na anayetendwa.

Kiswahili kina chombo cha kufanya hivyo ambacho Kiingereza hakina, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kivuli cha mtenda na cha mtendwa. Mtu akisema "unayarudisha", msikilizaji aliyekuwa akifuatilia habari za mrija na maji hana haja ya kuuliza: kiambishi u- ni cha mrija, na -ya- ni cha maji. Silabi mbili zimefanya kazi ambayo katika Kiingereza ingehitaji nomino mbili kutajwa upya, au viwakilishi ambavyo havibagui kitu na kitu.

Lakini chombo hiki hufanya kazi kwa sharti moja: nomino zinazohusika ziwe za ngeli tofauti. Na sharti hilo ndilo linalovunjwa na istilahi za kisayansi tulizorithishwa na vitabu. Tazama orodha hii: ateri, vena, vali, seli, nefroni, neva, homoni, insulini, oksijeni. Kila moja ni neno la mkopo, na kila moja imeingizwa katika ngeli ya I-ZI. Ongeza damu, sukari, chumvi, hewa, tezi na ngozi, ambazo nazo ni za ngeli hiyohiyo, na karibu mwili mzima umehamia chumba kimoja. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Damu ikifika kwenye nefroni inachujwa, na homoni ikitolewa na tezi inaifanya iirudishe kabla haijatoka." Kisarufi haina kosa. Kwa jicho linaloweza kutua, inasomeka. Kwa sikio ni giza: ni nani anayemfanya nani amrudishe nani, na ni nani hajatoka?

Linganisha na simulizi hii ya jambo lilelile: "Damu inafika kwenye kichujio cha figo. Kichujio kinayaachia maji yapite. Maji yanaingia kwenye mrija. Mrija unayarudisha maji mengi kwenye damu, na yale usiyoyarudisha yanashuka kibofuni yakiwa mkojo." Hapa mwili umerudishiwa vyumba vyake. Kichujio ni KI-VI, mrija ni U-I, maji ni YA-YA, damu ni I-ZI. Kila kitenzi kinajitambulisha. Fungu hilo linaweza kusikilizwa ndani ya matatu yenye muziki na bado likaeleweka.

Kutokana na hayo, inaonekana dhahiri kwamba uchaguzi kati ya "vali" na "kilango", au kati ya "ateri" na "mshipa utokao moyoni", si suala la uzalendo wa kilugha peke yake, kama mjadala huo ulivyozoeleka katika makongamano. Ni suala la kusikika. Waundaji wa istilahi wamefanya kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilitoa msururu wa Tafsiri Sanifu kuanzia miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikachapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini kamusi ni orodha, na orodha husomwa kwa jicho, neno moja moja, kila neno likiwa peke yake kama mgeni kituoni. Ngeli ya istilahi haionekani kuwa na uzito mpaka istilahi tano ziwekwe katika sentensi moja na kusemwa kwa sauti.

Pingamizi laweza kutolewa kwamba "kichujio" na "mrija" ni maneno mapana mno, kwa kuwa mwilini mna mirija mingi na jikoni mna vichujio vya chai. Pingamizi hilo lina nguvu katika kamusi, si katika simulizi. Msimulizi akisha kutaja mara ya kwanza "kichujio cha figo", msikilizaji hatarudi tena jikoni.

Tatizo la pili ni la mkazo, na hili ni la hatari zaidi. Istilahi za Kiingereza zimejaa viambishi vya Kigiriki vinavyofanana, na vikiswahilishwa kama vilivyo hufanana zaidi. "Haipaglisemia" ni hali ya sukari kuzidi katika damu. "Haipoglisemia" ni hali ya sukari kupungua. Tofauti ni irabu moja. Mkazo wa Kiswahili, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa fonolojia, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika maneno hayo mawili sauti yote ya mkazo humwagwa kwenye silabi -mi-, ambayo haina tofauti yoyote, huku silabi yenye tofauti ikiachwa mbali, dhaifu, karibu na mwanzo. Mtu angetaka kubuni maneno mawili ya kuchanganywa asingefanya vizuri kuliko hapo. Sasa tazama yanayosemwa mtaani: sukari kupanda, sukari kushuka. Mkazo huangukia pa- na shu-, yaani palepale penye tofauti. Vivyo hivyo kwa presha ya kupanda na presha ya kushuka. Wazee wasiojua neno "fonolojia" wameunda jozi ambazo sikio haliwezi kuzikosea.

Si jambo la mzaha. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka akichomwa insulini kwa kudhaniwa kuwa imepanda, sukari hushuka zaidi, na ubongo, ambao kwa kawaida hutegemea sukari hiyo kama moto unavyotegemea kuni, unaweza kuzimika katika muda mfupi.

Isiolo yenyewe ikiwa mwalimu

Somo la sauti halina mchoro, kwa hiyo hulazimika kuazima picha zilizomo tayari kichwani mwa msikilizaji. Katika hili Isiolo ni tajiri kuliko inavyodhaniwa.

Chukua habari ya figo. Katika siku moja, figo mbili za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na kati ya hizo ni lita moja na nusu hivi tu hutoka nje. Nyingine zote hurudishwa. Mtu aliyeshinda kwenye jua la Isiolo bila maji hupata kiu, na ubongo wake hutoa homoni ya kuzuia mkojo, ambayo huifungua zaidi njia ya maji katika mirija ya mwisho ya figo. Mkojo hupungua na rangi yake hukolea. Kila mchungaji amekwisha kuyaona matokeo ya homoni hiyo, ijapokuwa hakuambiwa jina lake. Aidha, kuna ngamia, mnyama aliyesomesha wanafiziolojia wengi: baada ya siku nyingi za kiu anaweza kunywa lita zipatazo 100 kwa dakika kumi hivi, na chembe zake nyekundu za damu, ambazo ni za mviringo uliorefuka kama yai, hazipasuki. Mwaka 2025, watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jeni za Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, wakaonyesha kuwa jeni iitwayo STC1, yenye uhusiano na kazi ya figo mwili unapokosa maji, ina dalili za kuchujwa na mazingira kwa vizazi vingi. Mwanafunzi wa Isiolo anaposikiliza somo la figo, basi, anasikiliza habari za majirani zake, na pengine zake mwenyewe.

Hata grafu, ambayo ndiyo adui mkuu wa somo la sauti, inaweza kupatiwa njia. Kuna mchirizo mashuhuri katika fiziolojia, wenye umbo la herufi S iliyolazwa, unaoonyesha jinsi damu inavyobeba oksijeni. Kuusimulia kwa tarakimu ni kumpa msikilizaji mchanga akaubebe kwa viganja. Lakini aambiwe hivi: ni kama barabara itokayo Isiolo kwenda Nanyuki. Upande wa chini ni tambarare ya joto. Kisha gari hupanda mlima mkali. Halafu hufika uwanda wa juu wa Timau wenye mashamba ya ngano, ambako mtu huendesha kwa muda mrefu bila kuhisi mabadiliko makubwa. Damu itokayo mapafuni iko kule juu. Oksijeni ya mapafu inaweza kupungua kwa kiasi kikubwa, na kiwango cha damu kikatoka asilimia 97 hadi 90 tu, kwa sababu bado gari limo uwandani. Baada ya hapo mteremko huanza, na kila hatua ndogo ya kupungua huiangusha damu kwa kasi. Tabibu anayeona 90 kwenye kipimo cha kidoleni hapaswi kujifariji kwamba ni alama nzuri kama ya mtihani. Amesimama kwenye ukingo wa Subuiga akitazama chini. Na inafaa kuongeza, kwa kuwa makala yanahusu sikio, kwamba mashine nyingi za wodini hulia mlio unaoshuka kadiri kiwango hicho kinavyoshuka, hivi kwamba anayefanya kazi na kumpa mashine mgongo hujua mambo yameharibika kabla hajageuka.

Iko mipaka. Njia za neva ndani ya uti wa mgongo, mpangilio wa mawimbi ya umeme wa moyo kwenye karatasi, na majina ya hatua za kemikali ndani ya seli havisikiki vizuri kwa namna yoyote, na anayedai vinginevyo hajajaribu. Mwanafunzi hana budi kurudi kwenye kitabu. Pia kusikiliza peke yake humpa mtu hisia ya kujua pasipo kujua. Sauti tamu ya mhadhiri hubembeleza. Dawa yake ni ile ya vikundi vya mwaka 1973: kunyamazisha sauti na kumtaka mmoja aeleze alichosikia kwa maneno yake, wenzake wakimsahihisha.

Na maneno hayo yake yatakuwa ya lugha ipi? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa habari za hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ni sharti la kisheria, lakini hakuna mtihani wa chuoni unaompima mwanafunzi kama anaweza kulitimiza. Amesikiliza mara kumi, kwa Kiingereza, jinsi sukari na chumvi zinavyopita pamoja katika ukuta wa utumbo na kuyavuta maji nyuma yake. Asubuhi anakutana na mama aliyetoka upande wa Merti akiwa na mtoto anayehara, macho yamezama, ngozi ikifinywa inachelewa kurudi. Mama ameambiwa ampe mtoto maji ya chumvi na sukari, na anauliza swali la akili kabisa: mtoto anaharisha, sukari ya nini?

Jibu lipo, na si refu. Chumvi peke yake hupita kwa shida katika utumbo uliougua. Sukari ikiwapo, sukari huishika chumvi mkono, na sukari na chumvi huingia pamoja. Zikisha kuingia, maji huzifuata. Ndiyo maana kipimo ni vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi; chumvi ikizidi, humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Itaonekana kwamba katika maelezo hayo neno "sukari" na neno "chumvi" yamerudiwa mara nyingi kuliko mwalimu wa insha angeruhusu. Sababu ni ileile ya ngeli. Sukari ni I-ZI, chumvi ni I-ZI, na kusema "inaishika" kungemwacha mama akibahatisha ni ipi inayoshika na ipi inayoshikwa. Mahali ambapo upatanisho hautofautishi, nomino yenyewe haina budi kurudi. Takriri, ambayo katika maandishi huhesabiwa kuwa uzembe, hapa ni utumishi.

Tena mama huyo, ambaye huenda Kiborana ndicho alichozaliwa nacho na Kiswahili amekikuta sokoni, atasikia maelezo hayo mara moja tu. Yeye hana kitufe cha kurudisha nyuma. Akifika nyumbani atayasimulia kwa Kiborana kwa nyanya wa mtoto, ambaye ndiye mwenye kauli kuhusu kinachoingia kinywani mwa mjukuu.

Jioni mwanafunzi yule wa mfano anaweza kuchukua simu yake na, badala ya kusikiliza, akajirekodi. Anaanza na figo, kwa Kiswahili, kama vile anamweleza mtu aliyeketi mbele yake. Jaribio la kwanza lina "inaifanya" mara tatu na "inairudisha" mara nne. Akilisikiliza, yeye mwenyewe aliyelisema hajui tena ni nini kinachorudisha nini. Analifuta. Anaanza upya, na safari hii neno lake la kwanza ni mrija.